Gari ni Nusu ya Antena: Kisa cha Pikapu ya Alumini na Redio ya CB

Pikapu ninayoieleza hapa ni Ford F-350 ya mwaka 2019, yenye tairi nne nyuma na injini ya dizeli, mali ya mzee mmoja Mkenya anayeishi Arlington, Texas, ambaye riziki yake ni kuvuta tela la mita 12 lililopakiwa mabomba na vyuma kutoka eneo la Dallas hadi kwenye visima vya mafuta vya Midland na Odessa. Safari hiyo ni karibu kilomita 500 kwenda tu, nyingi zikiwa katika barabara kuu ya I-20. Aliponiletea gari, alikuwa ameshanunua antena mbili na redio mbili za CB (Citizens Band, redio za raia za kuzungumza kwa umbali mfupi) katika muda wa miezi minne, na bado hakuna aliyemsikia akiwa mbali zaidi ya kilomita moja. Nimeamua kukiandika kisa chake kwa ukamilifu kwa sababu makosa mengi ya kazi hii yalikutana ndani ya gari hilo moja, na kwa sababu yote yalitoka kwenye jambo ambalo muuzaji hakumwambia: antena ya gari si ule ufito unaosimama juu peke yake, bali ni ufito pamoja na bodi ya gari iliyo chini yake.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mwenye simu ya kisasa ahangaike na redio ya namna hii. Simu humfikia mtu unayemjua, hata awe Mombasa, lakini haimfikii dereva usiyemjua aliye kilomita saba mbele yako katika barabara hiyohiyo, naye ndiye anayeona sasa hivi kile utakachokiona baada ya dakika tano. Mzee huyu alianza kuitafuta redio baada ya siku moja, karibu na mji wa Big Spring, kuona malori yote yakipunguza mwendo na kuwasha taa za tahadhari huku mbele kukiwa kweupe kabisa. Aliendelea na mwendo wake, na dakika mbili baadaye akaingia katika ukuta wa vumbi ambamo hakuliona hata bampa la gari lililomtangulia. Madereva wale walikuwa wameambiana kwenye chaneli 19, ambayo kwa desturi ni ya waendesha malori Marekani nzima. Yeye alikuwa na simu mbili mfukoni, na hakuna iliyomwambia lolote.

Kisheria, redio ya CB nchini Marekani haihitaji mtu kuomba leseni. Huduma hii ilianzishwa katika masafa ya megahezi 27 mwaka 1958, ikawa na chaneli 23, na tangu mwaka 1977 zikawa 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, huku chaneli 9 ikiwa imetengwa kwa dharura. Nguvu inayoruhusiwa katika AM ni wati 4 tu, na vikuza nguvu vinavyouzwa kwa kificho ni marufuku. (Msomaji aliye Tanzania au Kenya asiichukue ruhusa hii kuwa yake. Masafa huko yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na inafaa kuwauliza kabla ya kununua chombo chochote.) Mpaka huu wa wati 4 ndio unaoipa antena uzito wake. Ikiwa kila mtu barabarani ana nguvu ileile, tofauti kubwa kati ya anayesikika kilomita kumi na anayesikika kilomita moja haimo ndani ya redio. Imo katika kile kilichofungwa nje ya gari, na katika namna kilivyofungwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukigawa 300 kwa megahezi 27.185, ambayo ni chaneli 19, unapata wimbi lenye urefu wa mita 11. Antena ya kawaida ya gari hufanya kazi kama robo ya wimbi, yaani mita 2.75 hivi, na robo ya pili inayoikamilisha hutoka kwenye bati la gari. Anayesimamisha ufito kamili wa robo wimbi hupata antena bora kuliko zote, lakini hupata pia shida ya matawi, madaraja na milango ya gereji. Ndiyo maana antena nyingi hufupishwa kwa koili, yaani waya uliozungushwa ili ufito wa mita 1.2 au 1.5 uonekane kwa redio kana kwamba ni mrefu. Koili huweza kuwa chini, katikati au juu. Bati la gari, kwa upande wake, halina koili ya kulisaidia: lipo au halipo, na kama lipo, limeunganishwa au halikuunganishwa.

Antena ya kwanza ya mzee ilikuwa ya sumaku, ufito wa chuma cha pua wa mita 1.5 wenye koili chini, aina nzuri na yenye sifa. Aliiagiza mtandaoni, akaiweka juu ya paa la kabini, nayo ikateleza kama sahani juu ya meza. Alinieleza kwa masikitiko: “Fundi, hii sumaku ni feki. Pesa yangu imeenda bure.” Nilimwomba aichukue na kuigusisha kwenye mhimili wa tela lake. Ilinasa kwa kishindo, na kuibandua ilitubidi tuiinamishe upande mmoja kwa mikono miwili. Sumaku haikuwa na kasoro yoyote. Kampuni ya Ford ilianza kutumia bodi ya alumini kwa F-150 za modeli ya 2015, kisha kwa familia ya Super Duty, ambamo F-350 imo, tangu modeli ya 2017. Chasisi imebaki ya chuma, lakini paa, milango, boneti na sehemu ya mizigo ni alumini, na alumini haishikwi na sumaku. Anayenunua antena kwa ajili ya pikapu ya miaka hii aanze kwa kuchukua sumaku ndogo ya jokofu na kuigusisha paani. Jaribio hilo ni la sekunde moja, nalo lingemwokolea mzee gharama ya antena nzima.

Nitahadharishe hapa, kwa kuwa nimewasikia mafundi wakisema kwamba alumini haifai kwa redio. Si kweli. Alumini hupitisha umeme vizuri sana, na paa la alumini linaweza kuwa nusu ya pili ya antena sawasawa na la chuma. Kinachokosekana ni mshiko wa sumaku tu.

Baada ya paa kukataa, mzee aliihamishia antena ile kwenye fremu ya kinga, zile chuma zinazosimama nyuma ya kioo cha kabini ili mzigo usije ukamwingilia dereva. Hiyo ni ya chuma, na sumaku ilishika. Lakini kitako cha sumaku hakigusani na chuma moja kwa moja: kati yao kuna rangi na utando mwembamba wa plastiki, na mawimbi huvuka pengo hilo kwa sababu tu kitako ni kipana na bati lililo chini yake ni pana pia. Fremu ile ilikuwa bomba la sentimita tano, kwa hiyo kitako kiliketi juu ya mstari mwembamba, na sehemu kubwa ya upana wake ikaning'inia hewani. Antena ilisimama wima na kupendeza, ila nusu yake ya pili haikuwapo.

Hapo ndipo alipoingia katika duka moja kando ya barabara kuu. Walimuuzia antena ya faibaglasi ya mita 1.2 yenye koili upande wa juu, breketi, na kebo ya mita 5.5, wakaifunga kwenye fremu ileile. Mita ya SWR ilipopimwa ikaonyesha zaidi ya 3 katika kila chaneli, nao wakamwambia kwamba redio imeungua, wakamuuzia nyingine. Mpya ilipoonyesha vilevile, wakamwambia eneo hilo lina mwingiliano wa mawimbi. Redio ya kwanza niliipima baadaye kwa kuiunganisha na kipingamizi cha omu 50 kinachochukua nafasi ya antena: ilitoa wati 3.8, na SWR ilikuwa 1.1. Ilikuwa nzima. Jambo hili liliniuma, kwa sababu kipimo hicho kinachukua dakika tatu, na kumwuzia mtu redio ya pili bila kukifanya ni kumlipisha gharama ya uvivu wa fundi.

Kwa asiyezoea kipimo hiki, SWR hueleza ni kiasi gani cha nguvu kinachokataliwa na antena na kurudi kwenye redio. Kwenye 1.5, kinachorudi ni asilimia 4, ambayo haina madhara. Kwenye 2 ni asilimia 11, na kwenye 3 ni asilimia 25, kiasi ambacho kwa muda kinaweza kuiua transista ya mwisho ya redio. Ila mita haisemi kosa liko wapi. Inasema tu kwamba lipo, na kulitafuta ni kazi ya mita nyingine, ile ya kawaida ya kupimia waya, ambayo kila fundi umeme anayo kisandukuni.

Nilianza kwa kuifungua antena kutoka kwenye kitako chake na kuichomoa kebo kwenye redio. Ncha moja ya mita niliiweka kwenye pini ya katikati ya kebo, nyingine kwenye ganda la nje. Kwa antena ya aina hii, sehemu hizo mbili hazipaswi kukutana kabisa. (Antena nyingine, hasa za koili ya chini, huwa na njia ya umeme kati yao kwa makusudi, ndiyo maana ufito lazima uondolewe kwanza.) Mita ililia. Nilikifungua kitako, nikatoa nati, na ndani nikakuta washa ya plastiki isiyozidi ukubwa wa sarafu, yenye ukingo mdogo ulioinuka. Ukingo ule hupaswa kuzama ndani ya tundu la breketi ili bolti inayobeba antena isiguse chuma. Washa ilikuwa imepinduliwa, ukingo ukatazama juu, na bolti ikaegemea upande mmoja wa tundu. Mahali ilipoegemea palikuwa na mstari unaong'aa, mfupi kama kucha ya mtoto, ambapo meno ya bolti yalikuwa yamekula rangi hadi kufikia chuma. Kwa miezi mitatu kila neno la mzee lilikuwa likiishia pale.

Niliigeuza washa, nikakaza, nikapima: kimya. Mzee alifurahi, akataka tumalize. Lakini SWR ilibaki zaidi ya 3, na hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa na funzo kwa mafundi pia, kwa sababu fundi akishaona kosa moja lililo wazi huamini kwamba amemaliza. Nilipima tena, safari hii kati ya breketi na chasisi. Mita haikuonyesha mpitisho wowote. Breketi ilikuwa imepakwa rangi ya poda, ile inayookwa hadi inakuwa ngumu kama kauri. Fremu ya kinga nayo ilikuwa hivyohivyo. Fremu yenyewe iliketi juu ya vipande vya raba vilivyowekwa ili isikwaruze sehemu ya mizigo, na bolti zake zilikuwa na rangi kila upande. Ganda la kebo, ambalo kazi yake ni kuifikia bodi ya gari na kuifanya nusu ya pili ya antena, halikuwa limeunganishwa na kitu chochote. Mawimbi yakikosa bati hutafuta njia yoyote, na njia iliyokuwapo ni ganda la kebo lenyewe, likirudi hadi ndani ya kabini. Dalili yake ilionekana wazi: nilipoishika kebo kwa kiganja wakati mzee amebonyeza kinasa sauti (maikrofoni) cha redio, sindano ya mita ilisogea. Kebo iliyofungwa vizuri haijali kama imeshikwa.

Kabla ya kusahihisha hilo ilinibidi niamue kama mahali penyewe panafaa, kwa maana hakuna haja ya kutengeneza ethi nzuri, yaani muunganiko wa antena na bodi ya gari, mahali pabaya. Katikati ya paa ndipo panapofaa kuliko kote, kwa sababu bati limeenea sawa pande zote na mawimbi huenda pande zote kwa usawa. Kwa paa la alumini, njia yake ni kutoboa tundu la milimita 19 na kufunga kitako cha kudumu. Nilimshauri hivyo kwa moyo wote. Alikataa, kwa kuwa gari bado lina mkopo, naye aliogopa maji na zile airbag za pembeni zinazopita juu ya milango. Hofu hiyo niliiheshimu. Breketi ya ukingo wa boneti ingewezekana, ila ingeiweka koili chini ya usawa wa kioo na karibu na nguzo ya kabini, na antena inayotazamana na bati kwa karibu hupoteza nguvu nyingi. Kwenye kioo cha pembeni hapakunifaa: mkono wake ni plastiki kwa sehemu kubwa, na kioo hicho hukunjwa. Pembe za nyuma za sehemu ya mizigo, ambazo wenye pikapu wengi huzipenda, zilikuwa hatari kwa gari hili, maana tela lake hufungwa katikati ya sehemu ya mizigo kwa shingo inayopinda juu, na shingo hiyo wakati wa kukata kona kali hupita juu ya pembe hizo na kufagia chochote kilichosimama.

Ikabaki fremu ya kinga, upande wa dereva. Ina ubora wake: iko usawa wa paa, hivyo antena nzima inaonekana juu ya kabini, na kwa ufito wa mita 1.2 ncha inafika kama mita 3.3 kutoka ardhini, chini kabisa ya mita 4.11 ambazo malori ya kawaida ya huku hufikia. Ufito mrefu wa mita 2.6 ungefika mita 4.7 mahali hapo, na daraja la kwanza la zamani lingeuchukua. Ina upungufu pia. Mawimbi hupenda kuelekea upande wenye bati jingi kutoka antena iliposimama, kwa hiyo antena ya upande wa kushoto nyuma ya kabini husikika zaidi mbele-kulia. Kwa mtu anayetaka habari za barabara iliyo mbele yake, nilihesabu kwamba upungufu huo unavumilika.

Mzee aliomba jambo moja zaidi: antena mbili, moja kila upande, kama malori makubwa. “Zinapendeza, fundi, na nikiwa na mbili si nitasikika mara mbili?” Hapana. Antena mbili zinazolishwa kwa pamoja zinahitaji kutengana kwa karibu robo ya wimbi, mita 2.75, ili zisaidiane kama inavyokusudiwa, na ncha mbili za fremu yake hazitengani hata mita 2. Angelipia ufito wa pili, kebo maalumu ya omu 75 na mara mbili ya vitako vya kuharibika, ili apate kile ambacho antena moja iliyofungwa vizuri ingempa.

Kazi ya ethi ilichukua karibu siku nzima ya Jumamosi, na ndiyo sehemu ambayo nisingependa mtu yeyote aipunguze. Niliondoa rangi ya poda kwa tupa na msasa chini ya breketi na kwenye fremu inapokaa, duara la sentimita tatu kila upande, hadi chuma kikang'aa. Nilitoa bolti moja ya fremu na kuifanyia vivyo hivyo pale inapogusa sehemu ya mizigo, nikatumia bolti ya chuma cha pua na washa za meno zinazouma metali. Kisha nikafunga mishipi ya shaba iliyosukwa na kupakwa bati (metali ya tin), mipana kama kidole gumba: mmoja kutoka fremu hadi sehemu ya mizigo, mwingine kutoka sehemu ya mizigo hadi chasisi, na wa tatu kutoka kabini hadi chasisi. Watu husahau kwamba pikapu ni masanduku mawili yaliyowekwa juu ya chasisi. Kabini hukaa juu ya bushi za raba, na sehemu ya mizigo ina bolti zake zenyewe, hivyo bati unaloliona kama kitu kimoja huenda kwa redio ni vipande vitatu visivyojuana.

Kuna waliowahi kuniuliza kwa nini nisitumie waya wa kawaida wa ethi, kwa kuwa mita huonyesha omu sifuri. Mita ya kawaida hupima umeme wa betri. Kwa megahezi 27, waya mwembamba wa mita moja ni karibu sehemu ya kumi ya wimbi, nao huzuia mawimbi kama koili hata kama betri inapita humo bila tabu. Mshipi uwe mfupi na mpana. Shaba tupu isigusane na alumini, maana zikilowa maji ya mvua na chumvi ya barabarani alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Ndiyo maana nilichagua mishipi iliyopakwa bati, na kila kiungo nikakipaka grisi ya kuzuia uozo kabla ya kukaza.

Kebo niliiacha ileile ya mita 5.5. Wapo wanaoamini kwamba urefu huo una siri na kwamba kuupunguza ni kuharibu antena. Ninavyoona, imani hiyo hudumu kwa sababu katika gari lisilo na ethi kebo huwa sehemu ya antena, na hapo urefu wake hubadilisha kipimo kweli. Ethi ikikamilika, kebo ya omu 50 inabaki kuwa njia tu. Iliyozidi niliilaza chini ya kiti cha nyuma kwa mikunjo mirefu na laini, si kwa kuifunga kama kamba ya ng'ombe, na niliiingiza kupitia kizibo cha raba kilicho ukuta wa nyuma wa kabini badala ya mlangoni, ambako duka lile liliipitisha na mlango ukaanza kuibana. Umeme nao niliuhamisha kutoka kwenye tundu la sigara. Waya chanya ulitoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, na hasi ukaenda kwenye bolti ya ethi ya bodi, na mluzi uliokuwa ukipanda na mwendo wa injini ukapungua kiasi cha kutosikika.

Kupima tulikwenda Jumapili asubuhi kwenye uwanja mpana wa kuegesha magari, kwa sababu nyumbani kwake palikuwa na mlango wa chuma wa gereji mita tatu kutoka antena, na kipimo cha hapo kingekuwa cha uongo. Milango na boneti vifungwe, watu wasogee mbali, na kinasa sauti kibonyezwe bila kusema neno. Chaneli 1 ilitoa 2.3, chaneli 19 ikatoa 1.9, na chaneli 40 ikatoa 1.6. Ukiona SWR iko juu zaidi katika chaneli ya 1 kuliko ya 40, antena ni fupi kuliko inavyotakiwa, na ikiwa kinyume ni ndefu mno. Antena ile ina skrubu kwenye ncha. Niliipandisha kidogo kidogo, nikipima kila mara, na katika hatua ya nne tukasoma 1.5, 1.2 na 1.4. Mzee alipiga picha ile mita kwa simu yake. Tulipima tena tela likiwa limefungwa, na mabomba juu yake, maana bati jingi namna hiyo nyuma ya antena haliwezi kukosa athari: chaneli 1 ikawa 1.6, nyingine hazikubadilika kwa kiasi cha kujali. Nilifurahi kwamba hatukukisia.

Jaribio la barabarani tulilifanya magharibi ya Weatherford, yeye akiwa ameegesha na mimi nikiendesha gari langu lenye redio, katika chaneli iliyokuwa wazi ili tusiwasumbue watu wa 19. Nilimsikia vizuri hadi kilomita 8, na nikampoteza kwenye kilomita ya 11 hivi, nyuma ya kilima. Nikiwa upande wa nyuma-kushoto wa gari lake, sauti yake ilififia mapema zaidi, kama nilivyotarajia kwa mahali tulipochagua.

Baada ya miezi sita alirudi kwa sababu chaneli 19 ilikuwa imepanda hadi 1.8. Mshipi kati ya sehemu ya mizigo na chasisi ulikuwa umelegea kwa mtikisiko, na chini yake unga mweupe ulikuwa umeanza. Nilisafisha, nikapaka grisi, nikaongeza nati ya kuzuia kulegea, na kipimo kikarudi 1.2. Tangu hapo hupima mwenyewe kila baada ya kubadilisha oili na kuandika tarakimu tatu kwenye daftari analoliweka juu ya dashibodi.

Antena ya sumaku, ile iliyoitwa feki, pamoja na redio iliyoitwa mbovu, mzee alimpa mpwa wake mwenye Chevrolet Silverado ya mwaka 2006, ambayo paa lake ni la chuma. Tuliiweka katikati ya paa, tukaunganisha, tukabonyeza: 1.3 katika chaneli 19, bila kushika spana.